Jina la Bendi ni la Nani?

Mwanamuziki anapohama bendi, anaondoka na nini na anaacha nini? Gitaa ataliacha, maana mara nyingi si lake. Sare ataivua. Spika, maikrofoni, gari la kubebea vyombo, vyote ni mali ya mwenye bendi. Koo lake ataondoka nalo, hilo hakuna wa kumnyang'anya. Lakini lile jina ambalo watu wamelizoea kwa sababu ya koo hilo, linabaki na nani? Wengi tunajibu haraka haraka kwamba linabaki na mwenye mali, halafu tunaendelea na mambo mengine. Mimi nadhani hilo ni swali zito kuliko linavyoonekana, na historia ya muziki wa dansi hapa kwetu inalo jibu, ingawa siyo jibu moja.

Chukua NUTA Jazz. Mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi ya Januari, vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika vilivunjwa na kikaundwa kimoja tu, NUTA. Bendi yake ikazaliwa ndani ya miaka hiyo hiyo. Wanamuziki walikuwa waajiriwa, kama karani au dereva: mshahara wa mwezi, vyombo vya ofisi, safari za ofisi. Kwa kijana wa leo jambo hili linachekesha kidogo, mwimbaji kusubiri mshahara mwisho wa mwezi, lakini wakati ule lilikuwa heshima. Mwanamuziki aliyekuwa akionekana mhuni akawa mfanyakazi mwenye kadi.

Mwishoni mwa miaka ya 70 NUTA ikageuka kuwa JUWATA, Jumuiya ya Wafanyakazi wa Tanzania, na bendi nayo ikabadilishiwa kibao cha mlangoni: Juwata Jazz. (Kibao cha mlangoni, siyo Kibao yetu hii ukipita Igowole.) Mwaka 1991 ikaja OTTU, bendi ikawa OTTU Jazz. Baadaye OTTU nayo ikaondoka, na bendi ikabaki na jina ambalo hakuna ofisi iliyolitoa: Msondo Ngoma.

Hebu tulitazame hilo vizuri. Jina la mwenye bendi lilikufa mara tatu, na kila lilipokufa bendi ilibaki hai. Jina lililodumu ni la mtindo, yaani la uchezaji. Bendi zetu za zamani zilikuwa na desturi hiyo ya majina mawili. Moja la kwenye karatasi za serikali na jingine la kwenye sakafu. Maquis walikuwa na Kamanyola, Mlimani Park wakawa na Sikinde, Juwata wakawa na Msondo. La kwanza lilimtambulisha anayelipa, la pili lilimtambulisha anayecheza. Na msondo lenyewe ni neno la kale, ngoma ndefu ya watu wa pwani, ngoma iliyopigwa na wazee ambao hawakuwahi kusikia habari za chama cha wafanyakazi. Sikinde vilevile ni ngoma ya Wazaramo. Kwa hiyo hata wenyewe wanaodai "jina letu" waliazima, na sijui kama kuna bibi yeyote wa Kizaramo aliyeombwa ruhusa.

Sasa twende mwaka 1978. Inaundwa bendi mpya, Mlimani Park Orchestra, chini ya shirika la umma la usafiri na teksi, lile TTTS. (Mwaka 1983 ilichukuliwa na DDC, ndiyo maana wazee wetu mpaka leo wanaiita DDC Mlimani Park.) Bendi mpya inatafuta watu, na watu wapo: wapo Juwata. Muhidin Maalim Gurumo, aliyekuwa na NUTA Jazz tangu miaka ya mwanzo kabisa, anaondoka. Hassan Rehani Bitchuka, yule mwenye sauti nyembamba inayopanda bila kuchoka, naye anavuka. Anakuja Michael Enock, ambaye jina lake lilianzia Dar es Salaam Jazz. Muda si mrefu Sikinde inakuwa tishio la mji mzima.

Wanafalsafa wana kisa chao cha jahazi. Plutarch, Mgiriki wa zamani, alisimulia kwamba watu wa Athens walilitunza jahazi la shujaa wao Theseus kwa kubadilisha kila ubao uliooza, mpaka ikafika wakati watu wakaulizana: hili bado ni jahazi lile lile? Karne nyingi baadaye Mwingereza Thomas Hobbes akaongeza utundu. Je, kama kuna mtu alikuwa akiziokota zile mbao kuukuu moja moja, kisha akaziunganisha zikawa jahazi la pili, lipi ndilo la Theseus? Walimu wa vyuo vikuu wanakisoma kisa hicho kama fumbo la kukuna kichwa. Dar es Salaam ya mwaka 1978 haikulisoma, ililicheza. Upande mmoja kuna jahazi lenye jina na mbao mpya. Upande wa pili kuna mbao za zamani zenye jina jipya. Mpenzi wa muziki ana tiketi moja mfukoni. Aende wapi?

Kuna jamaa watasema bila kupepesa macho: afuate mbao. Bendi ni watu. Nami kwa muda mrefu nimeipenda hoja hii kwa kuwa inampa mnyonge haki. Lakini ina tatizo, na tatizo lenyewe linaitwa TX Moshi William. Huyu alijiunga na Juwata miaka ya 80, wakati waasisi wengine wameshaondoka. Hakuweka jiwe la msingi hata moja. Hata hivyo, muulize mtu yeyote aliyekuwa kijana katika miaka ya 90 akutajie sauti ya Msondo. Atakutajia TX Moshi kabla hujamaliza kuuliza. Alipofariki mwaka 2006 watu walilia kwamba Msondo imekufa. Wangeliaje kama angekuwa mgeni tu aliyevaa jina la wengine? Ukisema bendi ni waasisi wake peke yao, unamfanya TX Moshi kuwa mpangaji katika nyumba aliyoijenga upya kwa mikono yake.

Basi tuseme bendi ni jina, na jina ni la mwajiri? Hapa tuvuke bahari kidogo, kwa sababu Wamarekani waliifikisha hoja hii mpaka mwisho wake, na mwisho wake haupendezi.

Mwaka 1953 kampuni ya Atlantic ilimpa nafasi kijana Clyde McPhatter, mwimbaji aliyelelewa katika nyimbo za kanisani, aunde kundi la sauti. Kundi likaitwa The Drifters. Ule ndio wakati muziki wa R&B unachipua: vijana weusi wanne au watano, sauti moja mbele, nyingine nyuma zikiibeba, vyombo vichache. McPhatter alichukuliwa jeshini, na aliporudi akataka kuimba peke yake, akaiuza sehemu yake ya kundi kwa meneja, George Treadwell. Kuanzia hapo jina lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa mwimbaji. Waimbaji walilipwa mshahara. Mwaka 1958 Treadwell aligombana nao, akawafukuza wote, akaenda kuwachukua vijana wa kundi jingine kabisa, The Crowns, akawaambia: kuanzia leo ninyi ndio The Drifters. Soma tena, ndugu msomaji. Hakubadilisha ubao mmoja mmoja. Alilichoma jahazi zima, akaandika jina lile lile ubavuni mwa jingine lililokuwa likipita.

Ajabu ni kwamba jahazi lile lilielea. Mwaka 1959 hao hao Drifters wapya, wakiongozwa na Ben E. King, walitoa wimbo uliochanganya sauti zao na vinanda vya nyuzi kwa namna ambayo R&B haikuizoea, na ukavuma. Lakini Ben E. King alipodai malipo bora, jibu halikuwa zuri, naye mwaka 1960 akaondoka. Meneja hakutishika. Jina lipo, koo litapatikana. Treadwell alifariki mwaka 1967, mjane wake akaliendeleza jina, na kwa miaka mingi mahakama zilisikiliza kesi za wazee waliotaka tu kujitangaza jukwaani kwamba waliwahi kuwa Drifters.

Usidhani hayo ni ya kwao tu. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, aliivunja bendi yake mwenyewe, akaenda Mlimani Park, akawachukua wanamuziki sita wa kutegemewa, Gurumo akiwa mmoja wao. Bendi ikaitwa International Orchestra Safari Sound, mtindo Ndekule. Jina karibu lile lile, watu wengine. Waliokuwa wakipiga Safari Sound ya kwanza walifikiri nini siku ile? Sikinde walioachwa tunajua walichofanya: waliziba mapengo, wakaendelea kupiga, na wapenzi wao hawakuwakimbia. Ndekule ilikuwa na fedha, ilikuwa na sauti kubwa za nchi, lakini haikufika mbali katika miaka ya 90. Gurumo akarudi kwenye bendi aliyoiacha mwaka 1978, safari hii mlangoni imeandikwa OTTU.

Nimewahi kumsikia mzee mmoja akimwita Gurumo msaliti kwa kuhamahama kule. Sikubaliani naye hata kidogo. Usaliti ni kuvunja ahadi, na ahadi huwa na pande mbili. Mwajiri aliyekupa mshahara wa mwezi amekulipa kazi ya mwezi, hajakununua. Kama anaweza kukuachisha kazi kesho bila kuvunja ahadi yoyote, na wewe unaweza kuondoka kesho bila kuvunja ahadi yoyote. Mpiga gitaa akienda kwenye mshahara mnono anaitwa msaliti. Meneja wa kiwanda akifanya hivyo hivyo anaitwa mtu aliyepanda cheo. Mbona hatusemi kwamba meneja kasaliti chai?

Kwa vile nimeitaja chai, nimalize nayo. Huku Mufindi kichaka cha chai kinakaa ardhini miaka mingi kuliko anayekichuma. Majani yanachumwa, baada ya wiki mbili hivi yameota mengine, na hakuna anayesema chai ya Mufindi imekwisha kwa kuwa majani ya mwezi uliopita yameshakunywewa. Nilidhani nimepata mfano mzuri wa bendi: shina linabaki, majani yanapita. Nikaufikisha kwa rafiki yangu mmoja anayechuma. Akacheka. Akaniambia, jani haliulizi bei. Hakuongeza neno, akabeba kikapu chake.

Ndiyo hivyo. Mifano hii yote, ya jahazi na ya chai, na hata ile ya Simba na Yanga ambayo najua wewe msomaji umekwisha kuifikiria, inasahau jambo moja. Simba iliitwa Sunderland mpaka mwaka 1971, wachezaji wa wakati ule wote wameshastaafu au kufa, na Simba ni Simba. Sawa. Lakini timu ina wanachama, ina matawi, ina mtu wa Igowole anayekosa usingizi kwa ajili yake. Mchezaji anakuta jina limeshajaa. Kikundi cha waimbaji kinaanza na jina tupu, chungu kikavu, na kila sauti inayotiwa mle haiwezi kutolewa tena. Ubao hauumii ukitolewa. Mtu anaumia, tena anaumia kwa namna ya pekee: anasikia redioni jina alilolijaza likitangazwa, na yeye hayumo.

Hilo la kuumia silisemi kwa kusoma tu. Baada ya kumaliza kidato cha nne tulikuwa vijana wanne hapa Igowole, tukiimba nyimbo za R&B kwa sauti tupu, kwa kuwa vyombo hatukuwa navyo. Tuliimba kwenye mahafali na harusi, siku moja moja tukafika Mafinga. Jina tulilitunga sote usiku mmoja, kila mtu akitoa silabi yake. Mmoja wetu alikuwa na kompyuta na kipaza sauti, ndiye aliyeturekodi. Ilipofika siku ya kulipeleka jina kwenye karatasi alilipeleka peke yake, akaandika la kwake. Leo kundi lipo, lina watu wanne, watatu siwajui. Wanaimba vizuri, siwezi kudanganya. Yeye anasema kompyuta ilikuwa yake, umeme alilipa yeye, na kama si yeye tungekuwa bado tunaimba chini ya mti. Yote hayo ni kweli. Na bado najua kuna kitu hakijakaa sawa, na makala hii ni kujaribu kukitafuta.

Sheria haitusaidii sana hapa. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA, na inalinda kazi: wimbo, maandishi, rekodi. Jina si wimbo. Jina linakwenda kwa utaratibu mwingine wa usajili, na mwenye usajili ndiye mwenye neno. Sheria inauliza nani aliandikisha. Haiulizi nani alijaza.

Nadhani kosa liko katika lile neno "la". Tunasema jina "la" bendi, jina "la" mwajiri, jina "la" waasisi, kana kwamba ni kofia ambayo lazima iwe juu ya kichwa kimoja. Lakini jina la kundi la muziki linafanya kazi gani hasa? Linambebea msikilizaji ahadi. Likitangazwa mjini linamwambia: njoo, utapata kile ulichokipata mara ile. Kwa hiyo kabla hatujauliza jina ni la nani, tuulize ahadi hiyo anaiweza nani kuitimiza. TX Moshi aliiweza, ndiyo maana hakuwa mwizi. Alikaa na waliomtangulia, akajifunza mapigo yao, akaongeza yake, mpaka ahadi ikawa yake pia. Vijana wa mwaka 1958 kule Marekani hawakukaa na mtu. Walikabidhiwa jina kama koti la marehemu. Waliimba vizuri, lakini wema wa uimbaji wao haukuifanya ile siku kuwa ya haki.

Tofauti basi haiko katika mbao mpya au mbao kuukuu. Iko katika kukabidhiana. Bendi inayobadilika mtu mmoja mmoja, mkongwe akimfundisha mgeni, inabaki ile ile hata wakiisha wote, kama kwaya za makanisani huku kwetu ambazo zimeimba tangu enzi za bibi zetu na hakuna anayezidai. Bendi inayovunjwa na mwenye mali na kuundwa upya usiku ni nyingine, hata ikivaa sare ile ile. Msondo ilivuka NUTA, JUWATA na OTTU kwa sababu katika kila kivuko kulikuwa na mtu anayekumbuka jana ilipigwaje.

Utaniuliza: na aliyeondoka, anadai nini? Hadai jina lirudi. Gurumo hakwenda Mlimani Park akisema mimi ndiye Juwata halisi. Alikwenda kulijaza jina jingine. Lakini nasema anadai fungu. Kila jina linapoingiza fedha, sehemu ya fedha hiyo inatokana na sauti zilizomo chunguni, hata za walioondoka zamani. Mwenye vyombo atapinga: nilimlipa mshahara wake. Ulimlipa kwa kuimba ile Jumamosi. Hukumlipa kwa watu kuja Jumamosi ya miaka ishirini baadaye.

Gurumo alistaafu mwaka 2013, baada ya miaka isiyopungua 50 jukwaani, na magazeti yakaandika kwamba hakuwahi kumiliki gari. Nchi nzima ilicheza nyimbo zake, mashirika kadhaa yalijijenga kwa sauti yake, na mzee anatembea kwa miguu. Mwaka huo huo Diamond Platnumz, kijana wa muziki mwingine kabisa, akampa gari. Watu walishangilia, na kijana alistahili kushangiliwa. Mimi ile picha ilinipa tabu. Gari lile lilikuwa zawadi, na zawadi hutoka kwa mtu asiyedaiwa. Waliokuwa wakidaiwa hawakuonekana pichani.

Mwaka uliofuata, Aprili 2014, Gurumo akafariki. Msondo na Sikinde ziliendelea kutajwa pamoja kama mahasimu, na sikukuu zinapokaribia ubishi wa nani zaidi huanza upya hata huku mbali na Dar es Salaam. Kwenye banda moja la kahawa hapa sokoni niliwakuta wazee wawili wakibishana juu ya hilo, mmoja wa huku na mmoja wa kule. Kila mmoja alitoa simu yake akachezesha wimbo wa kumnyamazisha mwenzake. Ilikuwa ni sauti ya Gurumo, kwenye simu zote mbili.